Nani achague ufunguo: koo la mwimbaji au kodiani?

Mpiga kodiani, Kibokoni: Jamani, hili la ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, C, D au nyingine, linatuharibia taarab. Juzi harusini Mji wa Kale mwimbaji wetu, koo limemkauka, alininong'oneza tushuke nusu toni kutoka D. Nilikataa, vidole vyangu vimezoea D. Ubeti wa tatu noti ya juu ikamponyoka, akageuza uso kwa mpiga ngoma ya dumbaki mabibi wote wakimtazama. Iliniuma. Tangu siku ile nasema koo litangulie. Tena sisi wa kodiani hatuna kisingizio: vibonye vya besi vimepangwa F, C, G, D, A, kila kimoja ni noti ya tano ukihesabu kutoka kilichotangulia. Ukibadili ufunguo mkono wa kushoto unasogea tu, vidole vinashika vile vile. Kazi iko mkono wa kulia, nayo ni ya mazoezi.

Mwenye udi, Majengo: Koo sawa, ami, lakini nusu toni chini ya D wanipeleka wapi? Nyuzi zangu zimefungwa kwa C, D, G, A. Hapo karibu kila noti yabidi niibane kwa kidole, na ule mvumo wa nyuzi zilizoachwa wazi unakufa. Fidla nayo ni hivyo hivyo. Nikizilegeza katikati ya harusi hazitulii upesi. Shukeni toni nzima, hadi C: yeye apumue, nami nipate C na G wazi.

Mwimbaji, Likoni: C kwangu huwa chini mno, maneno ya mwanzo humezwa na ngoma. Nipimeni mazoezini, noti ya juu kabisa na ya chini kabisa, si mbele ya wageni. Na nyimbo za bayati, ule mpangilio wa noti za Kiarabu, je? Ni ufunguo upi ambao kodiani haitagombana nami?

Mpiga kodiani, Kibokoni: Hakuna, dada. Bayati ya D yataka noti iliyo kati ya E na E iliyoshushwa nusu toni, na kodiani ya kawaida ina noti 12 tu kwa oktava. Ihamishe utakako, pengo litahama nayo. Misri wako waliorekebishiwa vilimi, vile vibamba vinavyotoa sauti ndani ya kodiani, wapate robo toni; zetu hazijafanyiwa. Noti hiyo nitawaachia udi na fidla, mimi ninyamaze. Mipangilio mingine, hijazi na nahawandi, haina noti ya namna hiyo; hapo nitakufuata popote. Na wimbo wa juzi tuujaribu kwa C, ubeti wa kwanza bila ngoma, tusikie kama maneno yanatoka.