Re: Umeboshi, ile plamu ya chumvi kwenye onigiri (matonge ya wali ya Kijapani): naanzia wapi?

Kutoka Saitama:

Habari za wikendi ndugu zangu. Nimekuja masomoni na jioni nafanya baito, yaani kibarua cha muda, sasa pale kazini wenzangu kila siku wanakula onigiri zenye ile kitu nyekundu katikati, mimi nikiitia mdomoni taya zinakaza mpaka machozi. Nataka niizoee kwa sababu hata nikialikwa nyumba za watu inawekwa mezani. Mnanunua ipi? Na ina pombe? Maana nasikia kuna pombe ya ume, hiyo plamu yenyewe, na mimi situmii.

Kutoka Nagoya:

Mdogo wangu wa Saitama, karibu Japani na hongera kwa kutaka kuijua, wengi wetu tunaipita tu dukani miaka na miaka wakati ni kitu kizuri mno.

Nianze na hilo la pombe. Unayoisikia ni umeshu, pale ume mbichi zinalowekwa kwenye pombe kali na sukari, hiyo iko rafu za pombe huko. Umeboshi zenyewe ni ume zilizoiva, zinatiwa chumvi na kukandamizwa na kitu kizito mpaka zitoe maji yake, alafu mvua za tsuyu zikishakatika, mwezi wa 7 mwishoni hivi, zinaanikwa juani kama siku 3. Ule wekundu unatoka kwenye majani ya shiso. Za asili nyuma ya pakiti utakuta ume, chumvi, shiso, basi. Ila zile za kutiwa ladha nyingi wanaongeza alkoholi kidogo ili zisiharibike, wanaandika 酒精, na saa ingine みりん yaani mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia. Piga picha hizo herufi uwe nazo kwenye simu, usitegemee picha ya mbele ya pakiti maana yenyewe inaonyesha tunda na asali tu.

Sasa kuhusu kuizoea. Yaani shida kubwa ninayoiona kwa watu wetu ni kuitia nzima mdomoni kavu kavu kwa vile inaonekana tunda. Umeboshi ichukulie kama achari ya ndimu, mtu wa Unguja au Mombasa hachukui ndimu nzima ya achari akaitafuna hivi hivi, anaimega kidogo pembeni ya sahani ikamsindikiza wali. Fanya hivyo hivyo, wali uwe wa moto, mweupe, bila mafuta, mega kwa ncha ya kijiti kipande kama punje ya mahindi, weka juu ya tonge, tafuna pamoja. Ile chumvi inaingia kwenye wali, ukali unapungua, inabaki harufu nzuri ya tunda na mate yanakujaa mwenyewe unataka tonge lingine. Ukilizoea hilo jaribu kwenye uji wa mchele, okayu, wanaompikia mgonjwa, unaiweka katikati ya bakuli na unaichota kidogo kidogo. Kwangu mimi hapo ndo inashinda kila kitu, hasa ukiwa na mafua huna hamu ya kula.

Ya kwanza kununua chukua ya asali, はちみつ, yenye chumvi kidogo, angalia palipoandikwa 塩分, asilimia 8 au chini inakutosha (na hapo ndo usome vizuri zaidi lile la 酒精). Ukishaizoea panda polepole mpaka zile za asilimia 18 au 20, hizo ndo za kizamani, zinakaa miaka bila friji. Za chumvi kidogo lazima friji. Ukihamishia chombo kingine tumia chupa au cha udongo, bati hapana, ule ukali unalila.

Zinapatikana kila supa, mara nyingi karibu na tofu na kachumbari zao za tsukemono. Zinazosifika zaidi ni za Wakayama, mkoa unaotoa zaidi ya nusu ya ume zote za Japani, hasa mji wa Minabe, na aina yenyewe inaitwa nanko, nyama nene ngozi laini. Bei yake inauma kidogo ikiwa kwenye boksi la zawadi, kwa hiyo tafuta zilizoandikwa つぶれ梅, ni zile zilizopasuka ngozi tu, utamu ule ule, bei chini sana. Ya nini kulipia urembo wakati unaenda kuzimega?

Kutoka Osaka:

Shikamoo dada wa Nagoya, umemaliza kila kitu, naongeza mawili tu. Wenye presha tafadhali hesabuni, umeboshi ya asilimia 20 ikiwa na nyama ya gramu 10 tayari ni gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mimi kazi yangu ni ya nje, kiangazi msimamizi anatugawia umeboshi kwa ajili ya jasho na kweli inasaidia, lakini siku za kukaa ofisini nusu yake inanitosha. La pili mkipika samaki wa iwashi (sardini) tieni umeboshi 2 kwenye sufuria na tangawizi na soya, ile shombo inakata kabisa, hata watoto wangu wanakula. Na kokwa chungeni meno, onigiri za dukani wameshaitoa ila za nyumbani mara nyingi imo.

Kutoka Saitama:

Shikamoo nyingi ziwafikie wakubwa zangu wote wawili, asanteni sana, kesho napitia supa. Dada, hizo つぶれ unaagiza wapi?

Kutoka Nagoya:

Naagiza moja kwa moja Wakayama, zinakuja kwa kilo. Wiki ijayo naagiza tena, za shiso bila 酒精, anayetaka tugawane gharama ya posta aniandikie kabla ya Ijumaa.