Tupeane uzoefu: umemaliza chuo, umerudi kwa wazazi. Mnaishije humo ndani?

Mleta uzi (Sakina, Arusha)
Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wa sisi tuliomaliza chuo tukarudi nyumbani, hasa Arusha na Moshi, maana wazazi wa huku tunawajua. Habari za ajira tuziache, nyuzi zake zimejaa tele. Nataka tuongelee kuishi tu. Mtu umekaa Dodoma miaka mitatu, unapika ukijisikia, unalala ukichoka, boom (hela ya kujikimu ya mkopo) likiingia wewe bosi, likikata unakoroga uji na hakuna wa kukuuliza. Halafu Julai unashuka stendi na begi lako kwenye baridi hii, kesho yake saa 12 asubuhi mlango unagongwa: "Bado umelala? Unaumwa?"

Nianze mimi. Nimekuta chumba changu kina vifaranga. Sitanii. Bimkubwa alianza kufuga kuku wa nyama nikiwa mwaka wa pili, na chumba changu ndicho kisichopitisha upepo na chenye soketi nzima. Maranda chini, magazeti dirishani, taa ya joto inaning'inia pale kilipokuwa kitanda. Mimi nimepelekwa kwa mdogo wangu wa kidato cha pili, anayekoroma kama bajaji inayopanda mlima. Kulalamika siwezi, hao kuku ndio walionilipia ada ile asilimia ambayo mkopo haukufika.

Kilichonisaidia ni kuchukua zamu ya usiku. Mama alikuwa anaamka mara kwa mara kuwaangalia, nikamwambia hiyo niachie mimi, si nimezoea kukesha? Kazi yenyewe ni macho tu: ukikuta wamerundikana chini ya taa ujue wanasikia baridi, ishushe. Wakikimbilia ukutani huku wanahema midomo wazi, joto limezidi, ipandishe. Umeme ukikatika ndiyo kasheshe, hapo ni mkaa kwenye chungu na kuvizia moshi usiwamalize. Tangu nianze hiyo zamu, kugongewa saa 12 kumekoma. Mzee akiuliza "huyu analala mpaka saa ngapi?" mama mwenyewe ndiye anayenitetea.

Karibuni. Wewe ulikutana na nini?

Wa Njiro
Mimi nimekuwa katibu muhtasi wa familia. Luku mimi, king'amuzi mimi, bili ya maji mimi, "hebu niangalizie hii meseji ni ya kweli au matapeli" mimi. Mzee ana simu nzuri kuliko yangu ila hataki kuigusa. Bando anataka niweke la kwangu.

Binti wa Kibosho
Kwetu shida ni geti. Chuo Morogoro nilikuwa CR, yaani kiongozi wa darasa, napigizana kelele na wahadhiri kuhusu ratiba, nazunguka na watu wa kila aina. Nimerudi Kibosho, saa 12 jioni natakiwa niwe ndani. Ningevumilia kama ingekuwa sheria ya nyumba. Ila kaka yangu, ambaye NI MDOGO KWANGU, anaingia saa 4 usiku na anakuta chakula chake kwenye hotipoti.

Nilingoja siku tunamenya ndizi za mtori. Ukitaka kuongea na mama yangu usimwite sebuleni, atadhani una mimba. Mngoje mikono yake iwe na kazi. Tumeshajipaka mafuta ya kuzuia utomvu, sufuria la maji liko katikati, nikamuuliza taratibu: mama, unaogopa nini hasa? Akamenya kama ndizi tatu hivi kimya. Akasema, "Mimi nakuamini. Ila Jumamosi kwenye jumuiya naulizwa mimi, huulizwi wewe."

Hapo nikaelewa nabishana na nani. Tukakubaliana: nikienda Moshi mjini namwambia naenda kwa nani, na nikichelewa narudi na bodaboda wetu wa kijiweni ambaye namba yake anayo. Sasa nafika hadi saa 2. Ufunguo wa geti bado anao yeye.

Jamaa wa Rombo
Dada wa Kibosho, una bahati unaongelea saa za kurudi. Mimi sina pa kwenda.

Kwetu kuna ng'ombe wawili wa bandani. Ukiwa huna kazi ya kueleweka, majani ni yako. Unaamka, panga, kamba, unashuka bondeni, unapanda na mzigo kichwani. Kazi yenyewe haina shida, nimeikulia. Shida ni njia! Kila unayekutana naye: "Ee msomi, umerudi? Likizo?" Unajibu nini na mzigo wa majani kichwani?

Na mzee kasikia kwamba bodi ya mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara. Kila jioni ananiuliza wataanza lini kunikata. Namwambia baba, wakate kwenye nini? Ananiangalia kama vile namficha kitu.

Ninachoogopa zaidi ni Desemba. Mnajua kwetu, ndugu wote wa Dar wanapanda Krismasi, magari yamejipanga mpaka barabarani, mbuzi kachinjwa, na kila baba mdogo ana swali lilelile. Mwaka jana nilijibu kila mtu tofauti, wakakutana jikoni wakalinganisha majibu. Mwaka huu nina jibu moja tu na mama amelikariri.

Wa Majengo, Moshi
Kwetu hakuna mjadala. Adhana ya alfajiri ikilia mzee anapita kila mlango na fimbo yake. Chuo nilikuwa naswali kwa kujisikia, sasa naswali kwa fimbo, na nikiri tu usingizi wa mchana umekuwa mtamu.

Chalii wa Kwa Mrombo
Wanangu, mimi nilihama. Mzee wangu akitaka kukusema hakusemi wewe, anamsema mbwa: "Wewe kazi yako kula kulala tu." Mbwa wa watu hana hili wala lile. Nikaanza kuuza jinzi za mitumba Samunge, nikajibana mpaka nikapata kodi ya miezi mitatu, nikachukua chumba kimoja choo cha nje. Msoto ni mkali, kuna siku nalala na chai. Ila Jumapili nikienda nyumbani nawekewa soda, na mzee ananisindikiza mpaka barabarani. Sikushauri uhame, ni yangu tu hayo.

Mama wa Kijenge
Wanangu, mimi ni mzazi, naomba niseme kidogo. Mnaandika kama vile sisi tumezoea. Na sisi tulishazoea nyumba bila ninyi. Nilikuwa napika kikombe kimoja cha mchele, mimi na baba yao.

Wa kwangu alikuwa anashinda chumbani na simu, mlango umefungwa. Mimi najua mchana wote ni michezo. Nikawa nagomba: deki, fua, toka nje. Siku moja akaniita, akanionyesha kwenye Ajira Portal kazi zote alizoomba na zile alizokataliwa. Ni nyingi, sikujua. Hakuwa ameniambia hata moja kwa sababu hakutaka nimwonee huruma. Sasa akifunga mlango namwachia chai hapo nje. Tuambieni basi, sisi si waganga.

Mleta uzi
Shikamoo mama. Ahsante sana. Na vyombo je, anaosha?

Mama wa Kijenge
Marahaba. Anaosha vyake tu.

Jamaa wa Rombo
Mleta uzi, hao vifaranga wakikua unarudishiwa chumba?

Mleta uzi
Wakitoka hawa wanaingia wengine, mkuu. Ameshalipia oda. Wa Kibosho, tujuze ukipewa ufunguo.

Binti wa Kibosho
Bado. Ila tangu juzi na kaka naye anafungiwa saa 2, na anajua kabisa ni mimi.