Msiba ukipiga nyumba ya waombaji: tuwafundishe nini wazee wa kanisa kabla hawajaenda kwa wafiwa?

Mwinjilisti wa Mtaa:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimepewa saa mbili za kuwafundisha wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, watu kama 30, namna ya kuihudumia nyumba iliyofiwa. Semina imeitishwa baada ya ajali iliyoondoka na watoto wawili wa nyumba moja ya waombaji hasa, watu wa ibada ya alfajiri. Hata mazishi hayajafanyika, maneno matatu yalishazunguka. Kwamba kuna dhambi imefichwa. Kwamba imani ilipungua, wangefunga na kuomba isingetokea. Na kwamba "tuliwapenda, lakini Mungu aliwapenda zaidi".

Naomba msaada wa mambo mawili. Ni Maandiko gani yanayajibu maneno hayo, na niyasome vipi mbele ya watu ambao hawajakaa chuo cha theolojia? Na mzee wa kanisa akishafika pale chini ya turubai, afanye nini hasa?

Mwalimu wa Agano la Kale:

Asifiwe sana, Mwinjilisti. Anza na Ayubu 1:21, kwa sababu wazee wako wanaijua bila kufungua kitabu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Iko kwenye kila tangazo la kifo na kila msalaba wa kaburini. Kisha waulize swali moja tu: nani aliyesema maneno hayo? Wape muda wajibu wenyewe. Aliyasema mfiwa. Hakuna mgeni aliyekuja na mkeka wake akamwambia Ayubu, "Bwana ametwaa." Mfiwa akilitamka hilo kwa kinywa chake, ni ibada. Mgeni akimtamkia, anamlazimisha afike mahali ambapo moyo wake bado haujafika. Semina yako yote waweza kuijenga juu ya tofauti hiyo.

Songa mbele hadi 2:13. Marafiki watatu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno. Hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Sura ya 3 Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa, na wao wanashindwa kuvumilia. Kuanzia sura ya 4 Elifazi, mmoja wa hao watatu, anaanza kufundisha: ni nani aliyeangamia akiwa hana hatia? Angalia kwamba Elifazi si mpagani. Anamcha Mungu, na sentensi zake nyingi ukizitoa pale zilipo ni nzuri tu. Kosa lake ni kuchukua kanuni ya jumla, kwamba uovu una mavuno yake, akaigeuza kipimo cha kumkagulia mtu aliyeketi majivuni. Mwishoni (42:7) hasira ya Mungu inawaka juu yake na wenzake wawili, na aliyelia, aliyelalamika, aliyedai majibu, ndiye anayeambiwa kuwa amenena yaliyo sawa.

Hesabu nayo ina somo. Mwanzoni Ayubu ana kondoo 7,000 na ngamia 3,000. Mwishoni ana 14,000 na 6,000. Mifugo imerudishwa maradufu. Watoto walikuwa 10, wana 7 na binti 3, na mwishoni anapewa 10, si 20. Wafasiri wengi wa zamani waliliona hilo wakasema wale wa kwanza hawakupotea, wako kwa Mungu, kwa hiyo jumla ni 20. Waweza kukubali au kukataa tafsiri hiyo, ila usiruke sura ya 42 ukaifanya dawa ya "atawapa wengine". Mtoto hafidiwi kwa mtoto.

Sasa yale maneno matatu. "Dhambi iliyofichwa": Luka 13:1-5 na Yohana 9:1-3. Kwenye Luka, mnara wa Siloamu umeangukia watu 18, na Yesu anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe: sivyo. Anachofanya baadaye ni kuwageuzia walio hai wito wa toba. Yesu hawachunguzi marehemu.

"Imani ilipungua": Matendo 12. Katika sura ile ile, mbele ya kanisa lile lile na chini ya Herode yule yule, Yakobo anauawa kwa upanga na Petro anatolewa gerezani na malaika. Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi hata kidogo kwamba Yakobo aliombewa pungufu. Ongeza Waebrania 11:35, mahali ambapo orodha inageuka katikati ya mstari mmoja: wanawake walipokea wafu wao wakiwa hai, na wengine waliumizwa vibaya wasikubali ukombozi. Wote wamewekwa chini ya imani ile ile.

"Mungu aliwapenda zaidi": hili halina mstari. Nimwite Yohana 11 ajibu. Yesu anajua atamfufua Lazaro, bado analia. Na pale tunaposoma "akaugua rohoni" (mstari wa 33 na 38), kitenzi cha Kigiriki ni kikali, kina hasira ndani yake. Nje ya Biblia kilitumika hata kwa farasi anayekoroma. Mbele ya kaburi la rafiki, Bwana hakukichukulia kifo kama zawadi.

Tahadhari moja kuhusu Warumi 8:28. Usiisome peke yake msibani. Anzia mstari wa 22: viumbe vyote vinaugua, sisi nasi tunaugua (23), na Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (26). Ndipo 28 ije. Ukiiruka ile miguu mitatu ya kuugua, mstari unamfikia mfiwa kama amri ya kunyamaza.

Katekista:

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu amefafanua vizuri. Naongeza upande wa mafundisho, kwa sababu wazee watauliza: basi ni mapenzi ya Mungu au si mapenzi ya Mungu? Makanisa hayajibu kwa sauti moja, na semina nyingi huharibika pale watu wanapochanganya majibu bila kujua. Wareformati, yaani Waprotestanti wa mkondo wa Kalvini, wakifuata Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, husema hakuna kinachotujia kwa bahati, vyote hupita mkononi mwa Baba. Sisi Wakatoliki tunatofautisha kutenda na kuruhusu: Katekisimu yetu (kifungu cha 311) inasema Mungu hasababishi kamwe uovu wa kimaadili, si moja kwa moja wala kwa kupitia kitu kingine, ila anauruhusu. Walutheri wana lugha ya msalaba, kwamba Mungu anajulikana pale alipojificha, mtini Golgotha. Wapentekoste wengi watamtaja adui. Fundisha linalofundishwa na kanisa lako, lakini katekisimu hiyo yetu ina sentensi moja (309) ambayo nadhani dhehebu lolote lingeikubali: juu ya swali la uovu, jibu la haraka halitoshi. Barua ya Papa Yohane Paulo II kuhusu mateso, ya Februari 1984, nayo inatoka kwenye "kwa nini" na kuishia kwa Msamaria mwema, yaani kwa mtu aliyesimama njiani na mafuta na divai.

Jambo jingine linalosahaulika. Kama ni ajali ya barabarani, "kazi ya Mungu haina makosa" mara nyingi huficha makosa ya binadamu: breki zilizokufa, tairi vipara, dereva aliyelala, abiria waliozidi. Wafundishe Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba, weka ukuta kandokando ya dari, yaani paa bapa la juu, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka. Hapo Torati inazungumzia ajali, na inataja mwenye kuwajibika. Kwa hiyo mzee wa kanisa asimwambie baba wa watoto kwamba kufuatilia kesi au fidia ya bima ni kukosa imani. Badala yake amsaidie kutunza taarifa ya polisi, cheti cha kifo, namba ya gari na nakala ya bima yake. Karatasi hizo hupotea ndani ya wiki ya msiba kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake anazo.

Mama Mlezi wa Wafiwa:

Mwinjilisti, nimpokee hapo Katekista nishuke kwenye turubai.

Siku ya kwanza wapelekwe watu wawili, wasizidi, na mmoja awe wa jinsia ya mfiwa aliyeumia zaidi. Wakae chini alipokaa yeye. Maneno yawe machache: "Pole sana, mama. Tumekuja kukaa na wewe." Kama mnawajua watoto, watajeni kwa majina, wafiwa huogopa sana majina hayo yasije yakaacha kutamkwa. Sala iwe dakika moja au mbili, isiwe mahubiri yaliyofumbwa macho. Kuna sala zinazomweleza Mungu mambo ambayo msemaji anataka mfiwa ayasikie, na mfiwa huyatambua mara moja.

Akipiga kelele kwamba Mungu amemwonea, msimsahihishe. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina aya ya sifa mwishoni, na bado imo kwenye kitabu cha sala. Someni pia 2 Wafalme 4. Mwanamke wa Shunemu anaulizwa kama hawajambo, anajibu ni salama, na mtoto ameshalala mfu kitandani. Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, anataka kumwondoa anaposhika miguu ya nabii. Elisha anamkataza kwa sababu roho ya mama ina uchungu, kisha anakiri kwamba Bwana amemficha jambo hilo. Nabii mzima anasema hajaonyeshwa! Anayekuja msibani na "nimeonyeshwa sababu" asimamishwe mlangoni na mzee wa zamu, kwa upole lakini asimamishwe.

Watoto waliobaki mara nyingi hukaa jikoni na hakuna anayezungumza nao. Waambiwe kwa neno lenyewe: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Mtoto mdogo akiambiwa "amelala", anaanza kuogopa kulala. Akiambiwa "Mungu amemchukua kwa sababu alikuwa mzuri", anajifunza kwamba Mungu huiba watoto wazuri, na hilo litakaa kichwani mwake miaka mingi. Mhakikishie pia kwamba si yeye aliyesababisha, hata kama waligombana asubuhi ile.

Mahubiri ya mazishi: dakika 12 hadi 15, andiko moja. Kuwaita watu kuokoka mbele ya majeneza ya watoto, kwa kutumia hofu ya kifo, hapana. Ni kuvuna shamba la mwenye uchungu.

Kisha kuna siku baada ya kuanua matanga. Ndugu wa Ayubu (42:11) walikuja, wakala naye nyumbani, wakamfariji, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Mungu alikuwa ameshasema neno lake, na bado watu walihitajika na fedha ilihitajika. Gaweni zamu za miezi 3: nani anakuja Jumanne, nani analeta unga, nani anampeleka mdogo shule. Michango ishikwe na watu wawili, na salio likabidhiwe kwa maandishi. Na mfiwa akianza kusema anataka kuwafuata watoto wake, asiachwe peke yake usiku huo. Apelekwe hospitali, maana maombi peke yake hayatoshi hapo.

Msomaji wa Historia ya Kanisa, Mombasa:

Wazee wakitaka mfano wa karibu, upo huku Pwani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama cha misheni cha Kianglikana cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Julai mwaka huo Rosine alijifungua binti, homa ikamkamata, akafa, na mtoto akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Aliwaandikia waliomtuma London kwamba sasa kuna kaburi la mtu wao katika pwani hii, na hiyo ni dalili kwamba pambano limeanza. Akaendelea na tafsiri ya Mwanzo kwa Kiswahili, na 1846 akafungua kituo cha Rabai pamoja na mmisionari mwenzake Rebmann.

Sentensi ile ya kaburi imehubiriwa sana. Ila kama alivyosema Mwalimu, ni mume aliyeisema, juu ya mke wake.

Mwinjilisti wa Mtaa:

Nashukuru mno. Kwaya imepanga kuimba "Ni salama rohoni mwangu" siku ya kuaga miili. Niwaruhusu?

Mwalimu wa Agano la Kale:

Waulize wafiwa kwanza. Wakitaka, uimbwe. Ila kisa chake kisisimuliwe nusu. Horatio Spafford, wakili wa Chicago, alipoteza binti zake wanne meli Ville du Havre ilipogongwa usiku wa 22 Novemba 1873 na kuzama. Watu 226 walikufa, na mkewe Anna akapona. Maneno ya wimbo yalitokana na msiba huo. Wasimuliaji wengi hukomea hapo. Mwaka 1880 familia hiyo ilizika tena, safari hii mtoto wa kiume, kwa homa. Na Philip Bliss aliyetunga sauti yake alikufa pamoja na mkewe Desemba 1876, treni ilipoanguka na daraja huko Ashtabula, Ohio, mwaka ule ule wimbo ulipochapishwa. Kuuimba hakukuwakinga na lolote.

Wimbo wenyewe unasema salama iko rohoni, hausemi machozi yamekauka. Kwa hiyo waimbaji waanze taratibu, wakae mbali kidogo na majeneza, na kiongozi asiwaambie wafiwa wasimame. Mama akiimba, aimbe. Akishindwa, kwaya imwimbie.

Mama Mlezi wa Wafiwa:

Na mtu mmoja aandike kwenye daftari la jumuiya tarehe ya ajali na siku za kuzaliwa za watoto wote wawili. Tarehe hizo zikifika mwakani, mtu aende pale nyumbani mapema asubuhi, kabla hawajaanza kudhani kwamba tumesahau.