Ajali ya ndege Bukoba: kweli kilichoua ni hali ya hewa peke yake?

Wakuu, kila stori ya ile ndege ya Precision Air iliyotumbukia Ziwa Victoria tarehe 6 Novemba 2022 ikifufuka lazima atokee mtu aseme hali ya hewa ilikuwa mbaya, mipango ya Mungu, yaishe. Mi nasema yasiishe.

Hali ya hewa ilikuwa mbaya kweli, sibishi. Ndege yenyewe, aina ya ATR 42, inatoka Dar, ndani watu 43, inakuja kutua asubuhi kwenye mvua na upepo, na uwanja wa Bukoba wengi mnaujua, ni mfupi na uko ziwani kabisa, ndege ikipungukiwa kidogo tu inakuta maji. Sasa kama kuna uwanja nchi hii unaotakiwa uwe na boti ya uokoaji pale pale ufukweni, ina mafuta, ina wazamiaji na mitungi yao, si ndo huo?

Ila nani walifika kwanza? Wavuvi! Kina Majaliwa Jackson na mitumbwi na makasia yao, mlango wa nyuma ukafunguka, watu 24 wakapona. Baadae tukaona wananchi wanaivuta ndege kwa kamba kama wanavuta wavu wa kokoro. Wenzetu 19 wakafa, marubani wote wawili wamo, tena karibu na nchi kavu kiasi kwamba watu wamesimama ufukweni wanaangalia. Hilo nalo mawingu?

Najua kuna watakaosema dawa ni uwanja mpya wa Omukajunguti kule Missenyi. Ujengwe, nani kakataa, lakini uwanja ni wa miaka na boti inanunuliwa kwa bajeti moja, na huku tunasubiri ndege zinaendelea kushukia hapo hapo. Na wanaosema rubani angegeuza akatue Mwanza, hayo ni ya wachunguzi, ila hata akikosea rubani, abiria aliye hai majini ana haki ya kufuatwa haraka.

Ziwa hili hili lilimeza meli ya MV Bukoba 1996, likameza kivuko cha MV Nyerere 2018, kote tulililia uokoaji. Inaniuma sana.

Mlioko Bukoba, Mwanza na Musoma semeni, hapo uwanjani kwenu leo boti ipo? Na anayeona kipaumbele ni Omukajunguti aje na hoja, tujadiliane.