Mwanangu yuwakariri histori ya dunia lakini haimwingii, nimsaidie vipi?

Mama wa Kisauni:
Salaam wadau. Kijana wangu yuko fomu tatu, histori ya Kenya hana shida nayo lakini pepa ya pili ile ya dunia imemshinda kabisa, yuwakesha akikariri sababu za vita vya kwanza, Sarajevo, Franz Ferdinand, muungano wa nani na nani, asubuhi ukimuuliza imekuwaje mtu auawe Bosnia 1914 dunia nzima ipigane, anakutazama tu. Juzi kanambia mama haya mambo ya Wazungu yanihusu nini, na jibu sikuwa nalo, mimi mwenyewe niliishia darasa la nane. Shuleni wanakili notsi ubaoni mpaka kengele. Pesa ya tyusheni sina.

Mwalimu mstaafu, Likoni:
Dada, hilo la "yanihusu nini" ndilo la kujibu kwanza, pepa itafuata. Mwambie vita hivyo vilifika Taita. Agosti 1914 Wajerumani walitoka Tanganyika wakaiteka Taveta, na walichokuwa wakikitafuta ni reli, hii hii inayotoka Mombasa, kwa sababu ukiikata umewakata Waingereza. Februari 1916 Waingereza na wanajeshi wa Afrika Kusini wakajaribu kukichukua kilima cha Salaita wakatimuliwa. Na mizigo yote hiyo ilibebwa na nani? Na watu wetu, kwa vichwa, walikufa wengi mno kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina Kariakoo limetoka kwao, Carrier Corps, yaani kikosi cha wabebaji. Kumbukumbu ya askari na wabebaji ipo hapo barabara ya Jomo Kenyatta, kila siku matatu zapita.

Halafu huko kuishia la nane kwako usikuone dosari. Mkalishe akuhadithie, kitabu kimefungwa, nawe kila akitua muulize "halafu ikawaje, na kwa nini". Austria kailaumu Serbia kwa kuuawa Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wake, Urusi iko nyuma ya Serbia, Ujerumani nyuma ya Austria, Ufaransa na Urusi wameshapatana, Mjerumani kupita Ubelgiji ndipo Mwingereza naye akaingia. Pale atakapokwama ndipo asipopaelewa, hata kama pointi zote kumi azijua kwa kichwa. Nimefundisha miaka mingi na sijaona njia ipitayo hiyo.

Kijana wa Tudor:
Shikamoo mwalimu, nakubaliana nawe lakini mama asimwache na hadithi peke yake jamani, mimi nilikuwa nazijua hadithi vizuri na bado nikapata D kwa sababu naandika tu mfululizo. Insha ina maki 15, mara nyingi ni 3 za kutaja na 12 za kueleza pointi sita, mbili mbili, sasa ukitaja bila kueleza wapata moja. Kwa hivyo akishahadithia aandike zile "kwa nini" moja moja, kila moja na sentensi yake ya kueleza. Mimi ndio ilivyonitoa.

Mtu wa Kilindini:
Vita vya pili pia msivisahau. Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, Waingereza walihamishia meli zao za kivita hapa kwetu Kilindini, na wale wataalamu wa kufumbua siri za Wajapani wakawekwa kwenye majengo ya Allidina Visram. Shule! Mwaka huo huo wakafumbua siri za meli za mizigo za Wajapani. Mimi nilisoma histori miaka minne hapa Mombasa hakuna aliyenambia hili, nimelijua mtu mzima na liliniuma, maana mtoto apita nje ya ukuta ule akikariri Pearl Harbor.

Pia Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka hapa kwenda Colombo, ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, watu 1,297 wakafa, wengi askari wa Afrika Mashariki. Mungu awarehemu.

Mama wa Kisauni:
Mwalimu shikamoo, nyote ahsanteni sana. Jana baada ya Magharibi nimemkalisha. Kaenda vizuri mpaka Ubelgiji, nikamuuliza Mwingereza yamhusu nini Ubelgiji, kanyamaza, kisha kaenda kufungua kitabu mwenyewe bila kusukumwa. Ile ya Taveta ndiyo imemshika, kauliza kama babu yangu alibeba mizigo. Sijui. Kesho nampigia mama mkubwa Voi, hayo ya wazee yeye ndiye ayajuaye.