Tumezoea MSC ya Durban, sasa tunataka Royal Caribbean kutoka Barcelona. Nini kitabadilika?

Bint_Kibokoni

Salaam aleikum nyote. Sisi ni watatu: mimi, mume wangu, na mama mkwe ambaye goti linamsumbua. Meli tunazozijua ni za MSC zinazoondoka Durban. Sasa tunatazama Royal Caribbean, usiku 7 kutoka Barcelona: Palma, Marseille, La Spezia, Civitavecchia, Napoli, kisha Barcelona tena.

Nataka kujua vitu gani tulivyozoea hatutavikuta, na nini kitatushtua kwenye bili. Chakula cha halali kikoje? Viza tuanze lini, maana sisi tuko Mombasa na kila kitu kiko Nairobi? Na je, ngazi yetu ya uanachama wa MSC itahesabiwa huko? Naomba majibu ya hakika, pesa zenyewe ni nyingi.

Gati_Namba_Moja

Wa aleikum salaam dada. Anza na viza kabla hata ya kuchagua chumba, kwa sababu tarehe za viza na tarehe za malipo zinabanana, na hapo ndipo watu wengi wa huku wanapopoteza pesa.

Royal Caribbean wanataka salio lote liwe limelipwa siku 90 kabla ya kuondoka, kwa safari ya usiku 5 au zaidi. Ukivunja safari baada ya hapo unakatwa, na makato yanapanda kadiri siku zinavyokaribia. Ombi la viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Hispania, Ufaransa na Italia zikiwemo) nalo linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Kwa hiyo mna nafasi ya takriban miezi mitatu ya kuomba na kupata jibu kabla pesa hazijafungwa. Ombeni mwanzoni mwa nafasi hiyo. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45, na miadi yenyewe ya kupeleka makaratasi inasubiriwa. Mkinyimwa kabla ya siku ya 90, mnavunja na kurudishiwa arubuni, ila kwa sharti kwamba mlilipa arubuni ya aina inayorudishwa. Bei ile ya chini inayoonekana kwanza mara nyingi ni ya arubuni isiyorudi. Kwa mtu mwenye pasipoti ya Kenya, tofauti hiyo ya bei inafaa kulipwa.

Ombi linaenda nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, ile mtakayoingia kwanza; kwenu, mkifika Barcelona siku moja kabla, ni Hispania. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudi hata ukinyimwa. Kila mmoja wenu lazima afike Nairobi mwenyewe kutoa alama za vidole, isipokuwa aliyezitoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita. Hizo zinaweza kutumika tena. Bima iwe ya angalau euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen, kisha hakikisha inataja safari za meli na gharama ya kumhamisha mgonjwa kutoka baharini, kwa sababu zahanati ya melini hulipiwa papo hapo na bili yake ni kubwa. Ambatisha hati ya meli inayoonyesha kila bandari na tarehe yake.

Ombeni viza ya kuingia mara nyingi. Bandari zenu zote ziko ndani ya Schengen, lakini nahodha ana haki ya kubadilisha bandari hali ya hewa ikichafuka, na bandari moja tu ya nje ya Schengen inaweza kuimaliza viza ya kuingia mara moja.

Jambo dogo linaloangusha watu gatini ni jina. Wengi wetu tuna majina matatu, na wakala huandika la mwisho kama jina la ukoo bila kuangalia. Fungua pasipoti, tazama mstari wa jina la ukoo, nakili vilevile kwenye meli, ndege, bima na viza. Na mfike Barcelona siku moja kabla. Kutoka uwanja wa ndege wa Moi hamna budi kubadilisha ndege njiani, na ndege ya kwanza ikichelewa, meli haiwasubiri.

Tezi_na_Omo

Nijibu la tofauti za meli. Kwanza usilinganishe Royal ya Barcelona na MSC ya Durban ukadhani unalinganisha kampuni mbili. Kampuni ileile hubadilika ikibadilisha bahari. MSC ya Mediterania kwa mfano hupakia abiria wapya karibu kila bandari: huyu anapanda Genoa, yule Marseille, mwingine Civitavecchia. Kila siku ni siku ya kwanza kwa mtu fulani, ndiyo maana matangazo yanarudiwa kwa lugha nyingi. Royal hupakia abiria walio wengi mahali pamoja, matangazo ni ya Kiingereza zaidi, na safari nzima ina mwendo mmoja. Hiyo ndiyo tofauti mtakayoihisi mapema kuliko zote.

Maandalizi yanaanzia nyumbani. Usajili wa mtandaoni unafunguliwa siku 45 kabla. Siku hiyohiyo piga picha, ingiza pasipoti, chagua saa ya kufika bandarini. Saa nzuri zinaisha haraka. Ukimaliza, chapisha lebo za mizigo. Kwenye meli kubwa za aina ya Oasis, maonyesho ya jioni huwekewa nafasi kupitia programu ya simu. Ni ya bure, lakini asiyeweka nafasi husubiri mlangoni viti vilivyobaki. Zoezi la dharura mnatazama video kwenye simu, kisha mnakwenda kituo chenu mkaguliwe kadi kabla meli haijang'oa nanga. Msiliahirishe, kwa kuwa mtatafutwa kwa majina.

Sasa bili. Hesabu za melini ni za dola, hata kama mko Ulaya. Bakshishi inaongezwa yenyewe kila siku kwa kila mtu. Kwa chumba cha kawaida imekuwa karibu dola 18.50. Kwa watu watatu usiku 7 ni kama dola 388. Huwa inapandishwa kila baada ya muda, hivyo ilipieni mapema pamoja na safari. Vinywaji vinavyouzwa vinaongezewa asilimia 18 juu ya bei iliyoandikwa. Kwa upande mwingine, maji ya mezani, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi ni bure. Kwenye MSC ya Mediterania maji ya chupa mezani hulipiwa, kwa hiyo hapo mnapata nafuu.

Kifurushi cha pombe hakiwahusu. Kipo kifurushi cha vinywaji visivyo na kileo: soda, juisi freshi, kahawa za mashine, maji ya chupa. Mtu anaweza kununua peke yake bila kuwalazimisha wenzake wa chumbani. Msinunue mkiwa melini, bei yake huko ni ya juu. Nunueni mtandaoni miezi kabla, halafu muwe mnarudi kuangalia. Bei ikishuka unafuta ununuzi wa kwanza na kununua upya, ruhusa ipo mpaka karibu na siku ya kuondoka. Intaneti nayo ni hivyohivyo, na huuzwa kwa idadi ya vifaa. Kifaa kimoja kinaweza kutumiwa na watatu kwa zamu, mmoja akitoka mwingine anaingia.

Chumba husafishwa mara moja kwa siku, asubuhi au jioni, mtachagua. Hakuna pasi wala birika, na mkija nazo zinachukuliwa langoni. Waya wa ekstensheni umepigwa marufuku pia. Sababu ni ya kiufundi: umeme wa meli hauna waya mmoja uliofungwa ardhini kama wa nyumbani, na vifaa vya kuzuia umeme kupanda vinaweza kupata moto pakitokea hitilafu. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii, soketi ni za Kimarekani na za Kizungu za matundu mawili. Beba adapta ndogo isiyo na waya na chaja yenye matundu kadhaa ya USB.

Uanachama: hapana, Royal hawatambui ngazi ya kampuni za nje kama MSC. Mtaanzia chini. MSC ndio wanaokubali ngazi ya kampuni zingine, na yenu ya kwao haipotei kwa kusafiri na Royal. Kwa safari moja faida zenyewe ni ndogo sana, zisiwafungie mahali.

Ummu_Tudor

Bint, la halali linataka maandishi. Andika barua pepe kwa idara ya mahitaji maalumu mara tu mkishalipa arubuni, uulize mambo mawili kwa utenganisho: nyama gani ina cheti, na inapikwa kwenye chombo gani. Jibu la "tutawahudumia" si jibu. Wakishindwa kutaja cheti, chukulieni kwamba hakuna, mpange kula samaki, mayai na mboga.

Usiku wa kwanza mwiteni mkuu wa wahudumu wa ukumbi mkubwa. Kazi yake ni kuleta menyu ya kesho mezani leo, mkachagua, jikoni wakaandaa peke yake. Ndiyo maana ni bora muwe na saa maalumu ya kula na meza ileile kila usiku. Mkila saa mnayotaka, kila siku mtaeleza upya kwa mhudumu mwingine. Ulizeni pia menyu ya Kihindi ya mboga. Haijaandikwa kwenye kadi lakini huandaliwa ukiomba, na kwa ulimi wa Mombasa inakaa vizuri.

Mitego haiko kwenye nyama peke yake. Sosi ya samaki hutiwa divai, supu huanzia mchuzi wa mifupa, na vitamutamu laini vina jelatini. Kwenye bufee koleo moja huzunguka sahani tano, kwa hiyo nendeni inapofunguliwa tu.

Chooni hakuna bomba la kuchambia. Beba chupa laini yenye mdomo mrefu, ile ya safari. Kopo la kawaida linamwaga, na kizingiti cha bafu ni kifupi, maji yakipita yanaingia kwenye zulia. Choo chenyewe kinavuta kwa hewa: karatasi ya mule ndani peke yake ndiyo inayotupwa. Kikiziba, na vyumba jirani vinaathirika.

Kibla msitegemee dira ya simu chumbani, chuma cha meli kinaipotosha. Runinga ya chumbani ina chaneli ya ramani inayoonyesha uelekeo wa meli kwa digrii. Kutoka bahari ile Makka iko kati ya mashariki na kusini mashariki. Mkijua omo (mbele ya meli) inaelekea wapi, mtapata upande. Meli ikigeuka usiku, tazameni tena alfajiri.

Majani ya chai beba kutoka nyumbani, maji ya moto yapo kwenye bufee. Kanzu zipelekwe zimekunjwa kwa karatasi laini katikati. Mashine za kufulia za abiria hakuna, na kupigiwa pasi hulipiwa kwa kila nguo. Kanzu na koti inatosha kabisa kwa jioni za mavazi rasmi, ambazo kwa usiku 7 mara nyingi ni mbili.

Bint_Kibokoni

Mungu awalipe kheri, hili la siku 90 hatukulijua kabisa. Mawili ya mwisho: kadi ya M-Pesa ya mtandaoni itafaa kwa matumizi ya melini? Na goti la mama, meli ya urefu ule si itamchosha?

Gati_Namba_Moja

Kadi ya simu itumie kulipia vitu vya mtandaoni kabla ya safari. Kwa akaunti ya melini beba kadi ya plastiki, na ikiwezekana ya krediti. Ya debiti inafanya kazi, lakini meli huzuia kiasi fulani kila mnapotumia, na benki huchelewa kukiachilia. Pesa ni zako lakini huzigusi kwa siku kadhaa. Njia nyingine ni kuweka dola taslimu pale huduma za wageni siku ya kwanza, mnatumia mpaka ziishe, na zinazobaki mnarudishiwa.

Simu ziwekeni hali ya ndege tangu meli inapoondoka. Minara ya meli yenyewe inakamata laini zetu na gharama yake inauma. Ila hapo msimbo wa benki wa SMS hautafika, kwa hiyo malipo yanayohitaji msimbo yafanyeni mkiwa bandarini.

Tezi_na_Omo

Meli za Oasis zina urefu wa karibu mita 360. Kutoka chumba cha tezi (nyuma ya meli) mpaka ukumbi wa omo ni mwendo wa kweli kwa mtu mwenye goti. Lipeni ziada kidogo mchague namba ya chumba wenyewe, karibu na lifti na sitaha za chini za katikati, ambapo pia mtikisiko ni mdogo. Chumba "chochote watakachotupa" kisiwashawishi kwa bei yake. Jazeni fomu ya mahitaji maalumu ili apokewe kwa kiti cha magurudumu siku ya kupanda na ya kushuka. Kiti hicho ni cha gatini peke yake. Akitaka cha wiki nzima, kodini au mje nacho.

Bandarini, Napoli ndiyo rahisi kwake: meli inafunga katikati ya mji. Palma na Marseille gati liko mbali na mji, mnahitaji basi au teksi. Civitavecchia mpaka Roma ni kama saa moja ya treni, mbali na basi la kutoka gatini hadi mjini. La Spezia mpaka Florence ni kama saa mbili kwa basi kila upande. Siku hiyo mwacheni apumzike melini, au mwende Pisa, ambako ni karibu nusu ya njia. Saa ya kurudi iandikeni kwa saa ya meli, na mpange kufika saa moja na nusu kabla yake, siyo dakika kumi. Mkichukua ziara ya meli yenyewe, ikichelewa wanawasubiri. Mkienda peke yenu, nauli ya kuifuata meli bandari inayofuata ni yenu.

Ummu_Tudor

Kwa Roma, chukueni ziara ya meli. Kwa goti lile na treni za kubadilisha, bei yake ina maana. Ila ulizeni kabla ni hatua ngapi za kutembea. Huandikwa kwenye maelezo ya ziara kama nyepesi, ya wastani au ngumu, na ya wastani ya Roma ni mawe na ngazi.