Mjadala: Prosesa za biti 8 zifutwe kwenye silabasi au zibaki?

Mleta mada:
Wakuu salaam. Kila watu wa umeme na kompyuta wakikutana lazima hii hoja iibuke, kwamba vyuo bado vinamfundisha mtoto wa diploma 8085, prosesa ya Intel ya mwaka 1976 inayoshika data biti 8 kwa mkupuo, wakati dunia iko kwenye ARM, prosesa za kwenye simu, na ESP32, chipu ndogo yenye Wi-Fi ndani, kwahiyo ifutwe. Na tangu kampuni ya Zilog watangaze 2024 kwamba wanaacha kuzalisha Z80, prosesa yao ya biti 8, oda za mwisho Juni mwaka huohuo, wenye hoja hiyo ndo wamepata nguvu kabisa, wanasema mnaona hata wenyewe wameizika.

Mi nasema zibaki. Na sio mapenzi ya vitu vya zamani, maana wengi wetu hatukukua na kompyuta ya Commodore 64 sebuleni kama Wazungu, biti 8 yetu sisi ilikua zile TV game za Kichina za kaseti, kopi za Famicom ya Nintendo ya 1983 ambayo prosesa yake ni ya ukoo wa 6502, biti 8 nyingine maarufu. Tulicheza tu, hakuna aliyetuambia ndani kuna nini.

Hoja yangu ni hii, Z80 ina transista kama 8,500, 6502 ina kama 3,500, anwani ni waya 16 basi, yani memori mwisho baiti 65,536. Mtu mmoja anaweza kuijua mashine nzima, kuanzia rejista, yani vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa, mpaka pini. Chipu ya simu ina transista mabilioni, pale unaamini tu ulichoambiwa.

Chukua Z80 ya CMOS, zile Z84C00 ambazo saa yake (mapigo yanayoiendesha) unaweza kuisimamisha, ichomeke kwenye bredibodi, ule ubao wa kuchomeka waya bila kuchomelea, waya zote 8 za data zipeleke graundi, pini za kuingilia kama WAIT, INT, NMI na BUSRQ zivute juu kwenye volti 5, weka taa za LED kwenye waya za anwani A0 mpaka A7, halafu saa yake iwe ni kitufe unachobonyeza kwa mkono kupitia IC ya 555 ili bonyezo moja liwe pigo moja, kisirukeruke. Kila inaposoma inakuta 00, na 00 kwa Z80 maana yake usifanye kitu, songa mbele. Kila mibonyezo minne taa zinahesabu moja zaidi. Mwanafunzi anaiona program counter, rejista inayoshika anwani ya amri inayofuata, inatembea kwa kidole chake mwenyewe! Hiyo huipati kwenye slaidi yoyote. Karibuni.

Mdau wa 2:
Mkuu heshima kwako ila unaongelea maabara ambayo haipo. Kinachofanyika darasani ni kuchora pini 40 za 8085 na kukariri kwamba 3E ni MVI A, amri ya kuweka namba kwenye rejista A, kijana anamaliza diploma hajawahi kuishika hiyo chipu, anaenda kwenye usaili anaulizwa habari za Wi-Fi na MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe mtandaoni, anabaki kutoa macho. Semesta ni fupi, kila wiki unayoipa 8085 umeinyang'anya kitu kinachomletea ugali. Kama shida ni biti 8 si kuna bodi ya kujifunzia ya Arduino Uno, chipu yake ATmega328P ni biti 8 hiyohiyo, kilobaiti 32 za programu na 2 za RAM, Kariakoo zimejaa. Fundisha hiyo, 8085 ipumzike.

Mdau wa 3:
Nafundisha haya masomo. Arduino naipenda ila memori yote iko ndani ya chipu, hakuna waya wa anwani wa kuwekea taa, kwahiyo kile anachokisema mleta mada pale hakionekani. Tatizo langu ni upatikanaji, ukiagiza Z80 mtandaoni sasa hivi unaweza kuletewa chipu nyingine iliyofutwa maandishi na kupigwa chapa upya. Mi ningeenda 6502, kampuni ya Western Design Center bado wanatengeneza toleo lake la W65C02S mpya na hiyo nayo unaweza kuisimamisha saa yake ikakusubiri.

Mleta mada:
Mdau wa 3 nakubaliana na wewe kabisa, jina la chipu silipiganii, 6502 sawa tu. Tena ilitoka 1975 kwa dola 25 wakati za wenzake zilikua mamia, ndo maana iliingia kwenye kompyuta za Apple II na BBC Micro.

Mdau wa 2, kukariri 3E hata mi nakupinga nao, huo mtihani wa kuchora pini ufe leo. Ila usaili sio kazi. Hiyo ESP32 yako programu ikianguka inatema kwenye skrini orodha ya rejista, ya kwanza kabisa imeandikwa PC, yani hiyohiyo program counter, mara nyingine inakwambia stack, memori ya muda ya programu, imefurika. Aliyeanzia kwenye maktaba za kudownload, zile programu zilizoandikwa na wengine, anabonyeza reset na kuomba Mungu, aliyewahi kuiona PC inatembea kwenye taa anajua aanze kutafuta wapi. Nataka wiki mbili au tatu za mwanzo wa somo, chipu tupu mezani, kikundi kimoja bredibodi moja, halafu Arduino, halafu ESP32 mpaka mwisho wa semesta. Na maksi zitolewe kwa bodi inayowaka, sio kwa mchoro.

Sasa niambie, hizo wiki tatu ukizifuta utaweka nini kitakachomwonyesha mwanafunzi program counter kwa macho?